Hesabu mechi, usihesabu dakika

Kijana wako akicheza gemu la mpira, usimwambie "nusu saa tu". Kubalianeni mechi mbili kabla hajawasha, na ya pili ikiisha anazima mwenyewe. Ukimkatisha katikati ya mechi ya mtandaoni anahesabiwa kafungwa, ndiyo maana ananuna au anaanza kuibia muda. Kipenga cha mwisho hakimdhulumu. Hapa kwetu ugomvi wa saa tatu usiku umekwisha, na analala mapema. Kagua tu urefu wa mechi: kipindi cha dakika 6 si sawa na cha dakika 20. Kwa Minecraft, gemu la kujenga, mbinu hii inagoma, maana halina mwisho. Huko mwambie dakika 10 kabla, amalizie anachojenga.