Kufufua AG100 nyumbani: pima hewa kwanza, kabureta baadaye

Tangu ile pikipiki ya Yamaha AG100 ya mzee wetu wa kilimo irudi barabarani hapa Busia watu hawaachi kuniuliza, basi naandika mara moja tu. Hii inafaa kwa AG100, DT125 na tustroki (injini zinazochoma oili pamoja na petroli) nyingi ndogo za Yamaha zilizoachwa na miradi zikaozea nyuma ya nyumba. Mwenye Boxer hii haikuhusu, hiyo ni fostroki.

1. Kufungua

Osha, piga picha nyaya zote, fungua. Spana unazijua. Kitu kimoja tu nitasisitiza, nunua bisibisi ya kugonga kwa nyundo. Zile skrubu za Mjapani zinafanana na nyota ya kawaida lakini si yenyewe, bisibisi ya dukani inapanda juu inakula kichwa, halafu unaanza kutafuta mtu wa kuchomelea.

2. Tangi

Siki na kokoto ndogo, tikisa, acha ilale usiku, suuza na maji yenye magadi, kausha juani, zungusha oili kidogo ndani. Imeisha.

3. Kupima hewa

Hapa ndipo watu wanakwama. Pikipiki inawaka vizuri, ikipata moto mlio unapanda wenyewe hata ukiachia mafuta, unakaza skrubu ya kabureta, unalegeza, unanunua kabureta mpya, ni vilevile. Fundi anakuambia ringi. Unaweka ringi, baada ya wiki pistoni inajam. Shida haikuwa huko kabisa.

Tustroki inatumia chumba cha krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, kama pampu. Hewa na petroli vinaingia pale chini, pistoni ikishuka inavisukuma kwenda juu. Krenki ina oilsili mbili, yaani pete za mpira za kuzuia kuvuja, moja nyuma ya flaiwili (gurudumu zito lenye sumaku) na nyingine upande wa klachi. Pikipiki ikikaa miaka bila kutembea ule mpira unakuwa mgumu, hata kama haikuzeeka kwa kazi. Ya flaiwili ikivuja inanyonya hewa ya bure, mchanganyiko unakosa petroli na oili, injini inachemka. Ya klachi ikivuja inanyonya oili ya giaboksi, ndiyo unaona moshi mweupe usioisha na oili ya gia inapungua wakati chini hakuna hata tone.

Kupima hakuhitaji mashine ya mzungu. Tafuta kipimo cha presha cha hospitali, kile cha kupampu kwa mkono chenye saa ya mshale, si cha betri. Kinafika 300 (milimita za zebaki), na hiyo ni karibu psi 6, ndiyo kiasi unachotaka. Chomoa ule mfuko wa kufunga mkononi, baki na pampu, saa na mipira yake.

Toa kabureta na ekzosi. Mdomo wa ekzosi uzibe kwa kipande cha tyubu ya baiskeli na bati juu yake, kaza kwa nati zilezile. Upande wa kabureta ziba kwa kizibo cha mpira chenye tundu, pitisha mpira wa kipimo hapo, kaza klipu. Plagi iwe imekazwa. Ule mrija mwembamba wa pampu ya oili uzibe pia, wengi wanausahau halafu wanalaumu sili nzima. Pistoni iwe chini kabisa. Sasa pampu taratibu mpaka 300, usiunganishe kompresa ya matairi hata kwa dakika, itasukuma sili nje.

Tazama mshale. Ukipungua kwa kiasi kisichofika 50 kwa dakika nzima, injini ni nzuri, acha sili zake. Ukianguka haraka, chukua brashi na maji ya sabuni, paka kwenye vizibo vyako mwenyewe kwanza, halafu chini ya silinda, kwenye hedi, kisha nyuma ya flaiwili. Upande wa klachi huwezi kuona, kwa hiyo tumbukiza mpira wa kupumulia wa giaboksi kwenye glasi ya maji. Mapovu yakitoka huko, sili ya ndani imekwisha, hakuna mjadala.

Flaiwili itoe kwa pula yake, kile chombo cha kuivutia nje, ukiipiga nyundo unaharibu sumaku na krenki. Sili ya flaiwili inatoka kirahisi. Ya klachi angalia kwanza kwa tochi, injini nyingine sili ina ukingo kwa ndani, haitoki bila kupasua injini. Ukinunua sili soko la vipuri la Kisekka, Kampala, ikunje mdomo kwa kucha, ikiwa ngumu mrudishie muuzaji, imezeeka dukani kuliko yako.

Kipimo ukiazima kwa muuguzi kioshe kabla ya kurudisha, kikinuka petroli hatakupa tena.

4. Silinda

Nunua pistoni ya ovasaizi (kubwa kidogo kuliko ya zamani) kwanza, ndipo umpelekee fundi wa kutoboa aitobolee silinda kufuata pistoni ile. Mshale wa pistoni uelekee ekzosi, ncha za ringi zikae kwenye pini zake ndogo, saklipi (klipu za kushika pini ya pistoni) ziwe mpya.

5. Ekzosi na kabureta

Toa bomba la ndani la ekzosi, liweke kwenye sigiri mpaka masizi yaungue. Jeti, vile vitundu vya petroli vya kabureta, zisafishe kwa uzi wa kuvulia samaki, si waya.

6. Kuwasha

Vijana watakuambia utoe pampu ya oili uchanganye mwenyewe. Mimi sikubali, Yamaha wana hiyo Autolube tangu 1964 na ukiteremka mlima umeachia mafuta bado inalisha injini. Legeza skrubu yake ya kutolea hewa mpaka oili itoke bila mapovu. Tangi la kwanza tu changanya pia, mililita 200 za oili ya tustroki kwa lita 5 za petroli, mpaka uhakikishe pampu inafanya kazi. Moshi utakuwa mwingi, waambie majirani mapema.

Ukirudi kutoka kuijaribu barabarani chomoa plagi. Ikiwa na rangi ya kahawia endelea, ikiwa nyeupe kama chaki usiguse kabureta, rudia hatua ya 3.