Viza ya kwenda Uingereza kusoma Kiingereza miezi 6 hadi 11: namna ya kuiomba mwenyewe

Kazi yangu ni kusaidia watu kujaza maombi ya viza hapa Dar es Salaam. Wengi ninaowahudumia wanakwenda kusoma lugha: waongoza watalii kutoka Arusha, wahudumu wa hoteli za Zanzibar, wafanyabiashara wanaoagiza mizigo nje, na ndugu zetu wa Bujumbura na Bukavu waliosomeshwa kwa Kifaransa. Karibu nusu yao hunijia wakiwa wamechelewa. Ama wameshampa kishoka hela, ama wameshanyimwa viza mara moja na hawajui kwa nini.

Kabla ya yote, elewa kwamba anayeamua maombi yako, mara nyingi, hatakuona. Atasoma karatasi. Karatasi hizo zikisimulia maisha yanayoeleweka, ya mtu mwenye shughuli yake, mwenye sababu ya kusoma na mwenye pa kurudi, umefika mbali. Zikipingana zenyewe kwa zenyewe, hata salio la mamilioni halitakuokoa.

Hatua ya 1: Jua unaomba viza ipi

Kosa hili nalikuta kila mwezi. Uingereza ina njia tatu, na watu huziita zote "viza ya masomo".

Kozi isiyozidi miezi 6 inaombewa viza ya kawaida ya mgeni. Kozi ya Kiingereza inayozidi miezi 6 lakini haipiti 11 ina viza yake, ambayo kwenye gov.uk, tovuti ya serikali ya Uingereza, utaikuta kwa jina la Short-term study visa. Shahada na masomo ya chuo kikuu yana njia ya tatu, na masharti yake ni mengine kabisa. Mwongozo huu ni wa hiyo ya katikati.

Uzuri wake ni kwamba huhitaji kufanya mtihani wa Kiingereza kwanza. Unakwenda kujifunza, kwa hiyo hawakudai uwe umeshajua. Umri ni kuanzia miaka 16, na aliye chini ya 18 apeleke ridhaa ya mzazi kwa maandishi pamoja na maelezo ya atakakoishi.

Ugumu wake nauweka wazi hapa mapema. Huruhusiwi kufanya kazi yoyote, ya malipo wala isiyo na malipo. Huwezi kuongeza muda ukiwa kule, huwezi kuibadilisha iwe viza nyingine, na huwezi kwenda na mke, mume au watoto kwa mgongo wa viza yako. Kama hesabu zako zinategemea kibarua cha jioni, simama hapa. Ireland, kwa mfano, ina kozi za Kiingereza za wiki 25 ambazo mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Ni nchi nyingine yenye viza yake na taratibu zake, lakini ni afadhali ukaichunguza hiyo kuliko kwenda Uingereza na mpango wa kuvunja sharti.

Hatua ya 2: Pata chuo kinachotambulika

Miji kama Brighton, Bournemouth, Cambridge na London imejaa shule za lugha. Unayoichagua lazima iwe na ithibati inayokubaliwa na serikali yao. Inayojulikana zaidi kwa shule za lugha ni Accreditation UK, inayosimamiwa na British Council. Orodha ya shule hizo iko wazi mtandaoni. Tafuta jina la shule humo kwa mkono wako mwenyewe, usiridhike na nembo iliyobandikwa kwenye tangazo la WhatsApp.

Nasema hivi kwa uchungu. Dada mmoja aliniletea barua ya kukubaliwa aliyopewa na kishoka kwa shilingi milioni 3. Karatasi nzuri, muhuri mwekundu, saini ya kalamu ya wino. Nikaitafuta shule kwenye orodha, haimo. Nikaandika jina la mtaa kwenye ramani ya simu, likaja duka la matairi. Alikuwa ameuza cherehani zake mbili kupata ile hela.

Barua ya kweli inataja jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, jina la kozi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na ada. Iseme pia kwamba kozi ni ya Kiingereza peke yake. Kozi ya "Kiingereza na biashara" au "Kiingereza na kompyuta" haiingii kwenye viza hii, na nimeona mtu akikwama kwa neno hilo moja tu.

Kabla ya kulipa chochote, waulize kwa barua pepe: nikinyimwa viza, mnarudisha kiasi gani? Jibu lao litunze.

Urefu wa kozi nao una hesabu yake. Unapewa muda wa kozi na siku 30 juu yake, ila jumla haiwezi kupita miezi 11. Aliyechukua kozi ya miezi 9 anabaki na mwezi mmoja wa kufungasha na kutembea. Aliyechukua miezi 11 kamili hana hata siku moja ya ziada. Mimi huwashauri watu wasijaze mpaka ukingoni.

Hatua ya 3: Fedha, na zilikotoka

Hapa ndipo maombi mengi yanapofia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Unatakiwa kuonyesha kwamba utajilipia ada, malazi, chakula na nauli ya kurudi bila kufanya kazi na bila msaada wa serikali yao. Watu husikia hivyo wakakimbilia kukopa. Niliwahi kushika taarifa ya benki ya kijana mmoja muuza vipuri. Miezi 5 mfululizo salio linacheza kati ya laki 2 na laki 6. Tarehe 3 Juni lilikuwa 412,000. Tarehe 4 Juni zikaingia milioni 28 kwa mkupuo. Tarehe 6 Juni akatuma maombi. Akanyimwa.

Alipokuja kwangu nikamuuliza, "Kaka, hizi milioni 28 ni za nani?"

"Ni zangu. Niliuza kiwanja Chanika."

Ilikuwa kweli. Kiwanja kilikuwa chake, aliuza kihalali, mashahidi wapo. Ila kwenye maombi yake hapakuwa na mstari hata mmoja unaokitaja. Msomaji wa ile karatasi aliona fedha imetua kutoka mbinguni siku mbili kabla ya maombi, na hana wa kumuuliza.

Alipoomba tena tuliweka mkataba wa mauziano wenye muhuri wa serikali ya mtaa na tafsiri yake, tukaweka leseni ya biashara na karatasi za kodi za duka lake, na aya fupi kwenye barua yake: tarehe 4 Juni niliuza kiwanja, mkataba umeambatishwa, fedha hiyo ndiyo ada yangu. Fedha ileile. Safari hii ilikuwa na historia.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua taarifa ya benki ya miezi 6, ichapishwe na benki yenyewe. Kaa nayo na kalamu. Kila kiasi kikubwa kilichoingia, kizungushie duara, halafu tafuta karatasi inayoeleza kilikotoka. Kama hela yako inapita zaidi kwenye simu, chukua na taarifa ya M-Pesa au ya mtandao unaoutumia. Wafanyabiashara wengi wa kwetu benki yao ya kweli iko huko, na akaunti ya benki peke yake inawaonyesha maskini kuliko walivyo.

Kama unalipiwa na ndugu, leta barua yake, taarifa yake ya benki, uthibitisho wa kipato chake, na karatasi inayoonyesha undugu. Mjomba hathibitishwi kwa maneno. Weka cheti chako cha kuzaliwa chenye jina la mama, kisha vyeti vya mama na mjomba vinavyoonyesha wazazi walewale. Kwa Tanzania vyeti kama hivyo hufuatwa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na vya wazee mara nyingi havipo kabisa, kwa hiyo anza kuvisaka mapema.

Na usitengeneze karatasi. Ukikamatwa na taarifa ya benki ya kughushi, unaweza kufungiwa kuingia Uingereza kwa miaka 10.

Hatua ya 4: Kipimo cha kifua kikuu

Kwa kuwa utakaa zaidi ya miezi 6, mkazi wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji cheti cha kipimo cha kifua kikuu. Hospitali yoyote haifai, hata iwe kubwa namna gani. Lazima iwe kliniki iliyoidhinishwa na serikali ya Uingereza. Dar es Salaam na Nairobi kazi hiyo hufanywa na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM. Unapigwa eksirei ya kifua, na cheti kinadumu miezi 6.

Eksirei ikiwa na kivuli wasichokielewa, watachukua makohozi siku 3 mfululizo na kuyaotesha maabara, na majibu yanaweza kufika miezi 2. Kivuli hicho kinaweza kuwa kovu la zamani tu, usihangaike. Ila kama ulisubiri wiki ya mwisho ndipo ukapime, kozi imeshakupita. Mama mjamzito aseme kabla ya kuingia chumba cha eksirei, utaratibu wake ni tofauti.

Hatua ya 5: Barua yako mwenyewe

Andika ukurasa mmoja. Jibu mambo manne: wewe ni nani na unafanya nini, kwa nini Kiingereza na kwa nini sasa, kwa nini shule hiyo, na ukimaliza unarudi kwenye nini.

Barua nyingi zinazoletwa mezani kwangu zinaanza hivi: "Kiingereza ni lugha ya dunia na Uingereza ni nchi yenye elimu bora." Sentensi hiyo inaweza kuwa ya mtu yeyote. Dereva mmoja wa watalii tulikaa naye mpaka ikawa hivi: "Nimeendesha watalii Serengeti kwa miaka 7. Wageni wangu wakiuliza jina la mnyama najibu, wakiuliza kwa nini nyumbu wanahama nashindwa, namwita mwenzangu aeleze. Mwajiri wangu ameahidi kwa maandishi kunipandisha kutoka udereva hadi uongozaji nikirudi." Barua ya mwajiri ikaambatishwa, ikiwa na likizo bila malipo na tarehe ya kurudi kazini. Hapo msomaji anamwona mtu.

Iandike kwa Kiingereza chako ulicho nacho, au kwa Kiswahili ikatafsiriwe. Usimlipe mtu akuandikie Kiingereza cha wakili. Umesema unakwenda kujifunza lugha, halafu barua inasomeka kama hukumu ya Mahakama ya Rufani. Ukiitwa kwenye mahojiano, na unaweza kuitwa, tofauti itaonekana kwa dakika moja.

Karatasi yoyote ya Kiswahili au Kifaransa iambatane na tafsiri kamili yenye tamko la mtafsiri kwamba ni sahihi, tarehe, jina lake, saini na mawasiliano yake. BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, wanatoa huduma ya tafsiri hapa kwetu.

Hatua ya 6: Fomu, malipo na alama za vidole

Maombi yanafunguliwa miezi 3 kabla ya safari, si zaidi. Unajaza gov.uk na hapohapo unalipa kwa kadi. Kuanzia Aprili 2025 ada ya viza hii ilikuwa pauni 214, na juu yake kuna mchango wa huduma za afya, pauni 776, unaokuwezesha kutibiwa kwenye hospitali zao za serikali. Jumla 990. Ada hupandishwa mara kwa mara, kwa hiyo soma kiasi kilichoandikwa siku unayolipa, na usikubali mtu akutajie "ada ya ubalozi" ambayo huioni kwenye ukurasa wa serikali.

Fomu itakuuliza kama umewahi kunyimwa viza na nchi yoyote. Kama ndiyo, sema ndiyo na eleza. Kunyimwa si dhambi. Kuficha ndiko kunakoharibu.

Ukishalipa, unapangiwa siku ya kwenda kituo cha maombi ya viza kuchukuliwa alama za vidole na picha. Pakia nyaraka zako mtandaoni kabla ya siku hiyo, kila faili kwa jina lake: barua ya shule, benki, kifua kikuu, mwajiri. Picha za simu zilizopigwa kizani usipeleke.

Hatua ya 7: Jibu

Kwa kawaida ni wiki 3 tangu alama za vidole. Usikate tiketi isiyorudishwa kabla ya hapo.

Ukinyimwa, barua itaeleza sababu. Mchango wa afya hurudishwa, ada ya viza hairudi. Soma sababu moja moja, na usiombe tena mpaka kila moja ina karatasi ya kuijibu.

Ukipewa, usishtuke kuona pasipoti haina stika. Tangu Julai 2025 wanafunzi wa kozi hizi, kama wengine wengi, wanapewa viza ya kidijitali. Unafungua akaunti ya UKVI, idara ya viza na uhamiaji ya Uingereza, na humo ndimo viza yako ilimo. Hakikisha namba ya pasipoti iliyoko kwenye akaunti ndiyo ya pasipoti utakayosafiria, kwa sababu shirika la ndege litaangalia hapo. Kwenye begi la mkononi weka barua ya shule, anwani ya unakofikia na taarifa ya benki, afisa wa uwanja wa ndege anaweza kuvitaka.

Ndani ya akaunti hiyo utaona tarehe viza inapoisha. Iandike kwenye simu, kisha weka kengele ya wiki 6 kabla yake. Siku hiyo ikilia, nenda kakate tiketi ya kurudi nyumbani.