Somo: CV iwe na kurasa ngapi? Namna ya kuamua mwenyewe, hatua kwa hatua

Hamjambo wakuu. Somo hili niliahidi muda kidogo, leo nalileta.

Nimefanya kazi ya kupokea na kuchuja maombi ya kazi kwa miaka kadhaa, na lipo jambo moja ambalo bado linaniuma. Tulikuwa tunatafuta msimamizi wa ghala, na tulimhitaji hasa mtu aliyewahi kuhamisha hesabu za bidhaa kutoka kwenye madaftari kwenda kwenye kompyuta. Maombi yakaja kwa wingi, siku zilikuwa chache, tukachuja, tukaita watu kwenye usaili, tukaajiri. Baadaye, nikiwa napanga mafaili, nikakutana na CV ya kurasa tisa. Ukurasa wa sita, katikati ya msururu wa majukumu, kulikuwa na mstari mmoja: mwombaji huyu alikuwa ameifanya kazi ileile kwenye maghala matatu. Hakuna kati yetu aliyefika ukurasa wa sita. Alistahili kuitwa, na hakuitwa kwa sababu jambo lililoweza kumbeba alikuwa amelizika.

Ndiyo maana mtu akiniuliza CV iwe na kurasa ngapi, simpi namba kwanza. Namuuliza: lile jambo linalokufanya ufae kwa kazi hii liko ukurasa wa ngapi? Ukishalijibu hilo, idadi ya kurasa inakuja yenyewe.

Hatua ya 1: Soma tangazo hadi mwisho

Tangazo likitaja kurasa, mjadala umekwisha. Serikali kuu ya Marekani ni mfano mzuri. Kwa miaka mingi waombaji wake walizoea kutuma CV za kurasa nne, tano au zaidi, lakini tangu mwishoni mwa Septemba 2025 kikomo ni kurasa mbili. Anayefuata ushauri wa zamani anaumia hapo.

Kama mwajiri ametoa fomu yake, jaza fomu. Ujapani kuna fomu ya rirekisho, yaani CV ya Kijapani, yenye nafasi zilizopimwa tayari, na Ulaya wapo waajiri wanaoomba Europass, muundo wa CV wa Umoja wa Ulaya. Ukipewa fomu, kazi yako ni kuchagua maneno yatakayoingia.

Hatua ya 2: Jua ni hati gani inayotakiwa

Sisi tunaziita zote CV, ila duniani kuna hati mbili. Wamarekani wana neno lililotoka kwenye Kifaransa, résumé, maana yake muhtasari. Ni hati fupi ya kuombea kazi za kawaida. CV kwao ni hati ya wanataaluma, inayoorodhesha kila andiko, kila mkutano, kila ruzuku, na haina kikomo. Uingereza na nchi nyingine nyingi, CV ndiyo hiyohiyo hati fupi, na desturi ni kurasa mbili za A4. Ujerumani moja hadi mbili. Australia hawashangai wakiona tatu.

Kwa hiyo ukiambiwa na mhadhiri kwamba CV ya kurasa kumi na mbili ni ya kawaida, amesema kweli kuhusu ulimwengu wake. Usiichukue kauli hiyo ukaenda nayo kuombea kazi ya mauzo.

Hatua ya 3: Andika yote kwanza, bila kuhesabu

Fungua faili moja ambalo hutamtumia mtu yeyote. Weka kila kazi, kila tarehe, kila mafunzo, kila ulichofanikisha. Likifika kurasa kumi, sawa. Hili ni ghala lako, na kila ukiomba kazi utachota humo yanayohusika. Watu wengi wanashindwa kufupisha kwa sababu wanaogopa kwamba wakifuta, kitu kinapotea milele. Ukiwa na faili hili, hakuna kinachopotea.

Hatua ya 4: Chagua kikomo kabla ya kukata

Mhitimu mpya au mwenye uzoefu usiozidi miaka mitano hivi: ukurasa mmoja. Aliye katikati ya safari yake ya kazi: mbili. Meneja wa ngazi ya juu, mhandisi mwenye miradi mingi au mshauri mwelekezi: tatu, ila ya tatu iwe na sababu unayoweza kuitaja kwa sentensi moja. Wanataaluma na watafiti: kadiri kazi zao zilivyo. Nikilazimishwa kutoa jibu moja kwa watu wengi, nasema mbili.

Hatua ya 5: Kata

Hapa ndipo somo lote lilipo, kwa hiyo twende taratibu.

Weka tangazo upande mmoja na faili lako upande mwingine. Kwa kila mstari jiulize: mtu anayesoma tangazo hili angeukosa mstari huu kama usingekuwepo? Kama hapana, utoe. Usijiulize kama ni wa kweli au kama unajivunia, kwa sababu ukiuliza hivyo hutakata hata mmoja.

Majukumu ndiyo yanayokula kurasa. Watu wananakili maelezo ya nafasi waliyoshika, neno kwa neno. Lakini mhasibu akiniambia kwamba alikuwa anaandaa hesabu, ameniambia tu kwamba alikuwa mhasibu. Tazama mfano huu wa kubuni:

*Nilihusika katika shughuli zote za ghala ikiwemo kupokea bidhaa, kutoa bidhaa, kuhakikisha usalama wa bidhaa, kuandaa taarifa na kufanya kazi nyingine nilizopangiwa na mkuu wangu.*

Sasa huu:

*Nilisimamia ghala lenye aina 1,200 za bidhaa na wafanyakazi 6. Nilihamisha hesabu zote kutoka madaftari kwenda kompyuta ndani ya miezi minne.*

Wa pili ni mfupi, na bado umebeba zaidi. Kufupisha kwa maana hiyo ni kubadilisha maneno ya jumla kwa jambo moja linaloshikika. Usitunge namba lakini, maana kwenye usaili utaulizwa ulizipataje.

Kazi za zamani, zile za zaidi ya miaka kumi hadi kumi na tano iliyopita, zibaki cheo, mwajiri na miaka, mstari mmoja kila moja. Ila kama kazi ya zamani ndiyo inayofanana zaidi na hii unayoiomba, ipe nafasi yake kamili na zile za karibuni zikubali kubanwa. Nimeona watu wakibana kwa kufuata tarehe tu, wakajikuta wamekata kiungo muhimu.

Shule ya msingi itoke ukishakuwa na elimu ya juu zaidi. Dini, hali ya ndoa, namba ya kitambulisho, idadi ya watoto: vitoke, isipokuwa tangazo limeviomba. Semina za siku moja zibaki zile tu zinazogusa kazi hii. Maneno kama mchapakazi, mwaminifu na mwepesi wa kujifunza yatoke yote. Kila mwombaji anayaandika, na msomaji hana namna ya kuyapima. Wadhamini ni suala la tangazo: likiwataka waweke, lisipowataka nafasi yao ina kazi nyingine.

Kisha pangilia upya. Katika miaka ya 1480 Leonardo da Vinci aliandika barua kumwomba kazi Ludovico Sforza, mtawala wa Milan. Aliorodhesha ujuzi wake kwa vipengele: madaraja yanayobebeka, mbinu za kuzingira ngome, mizinga. Uchoraji aliugusa mwishoni kabisa. Msomaji wake alikuwa mtu wa vita, na Leonardo alianza na kile ambacho msomaji huyo alikihitaji. Wewe pia, nusu ya juu ya ukurasa wa kwanza impe msomaji sababu ya kuendelea.

Hatua ya 6: Usidanganye nafasi

Ukiona umebakiza mistari mitano ya ziada, utashawishika kupunguza herufi. Acha. Herufi za ukubwa wa 10 hadi 12 zinatosha, mimi napenda 11. Pambizo ziwe sentimita 2 hadi 2.5, zisishuke chini ya 1.5. Ukurasa mmoja uliosongwa unachosha kuliko miwili inayopumua.

Kama ukurasa wa pili una mistari mitatu tu, rudi hatua ya 5 ukate hadi uwe mmoja. Ukifika nusu au zaidi, uache ulivyo.

Na angalia ukubwa wa karatasi. A4 ina urefu wa milimita 297, lakini Letter wanayotumia Marekani na Kanada ina 279. CV iliyojaa A4 ikichapishwa kwenye Letter inaweza kumwaga mistari yako ya mwisho kwenye ukurasa mpya. Ukiomba kazi huko, badilisha kipimo kabla ya kuhifadhi kama PDF.

Programu za kuchuja maombi nazo zinaogopwa bila sababu. Kazi yake ni kutafuta maneno, na kinachoweza kuzisumbua ni majedwali, visanduku vya maandishi na taarifa zilizowekwa kwenye kichwa cha ukurasa. Namba yako ya simu isikae huko.

Hatua ya 7: Mjaribu msomaji

Mwaka 2018 kampuni ya ajira ya Ladders ilifuatilia macho ya waajiri wanaposoma CV, ikapata wastani wa sekunde 7.4 kwa mtazamo wa kwanza. Ni mtazamo wa kwanza tu, anayevutiwa hurudi akasoma vizuri. Mpe mtu asiyeijua kazi yako ukurasa wa kwanza, hesabu hadi kumi, uchukue. Muulize: naomba kazi gani, nimewahi kufanya nini kikubwa, sasa niko wapi? Akikosa moja, tatizo liko kwenye mpangilio. Kuongeza kurasa hakutasaidia.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, mimi nimemaliza chuo mwaka huu. Nikiandika kila kitu napata nusu ukurasa. Nijazie nini?

Jibu: Usijaze, chimba. Mafunzo kwa vitendo uliyofanya, mradi wa mwaka wa mwisho, uongozi wa darasa, kujitolea, biashara ndogo uliyoisimamia, hivyo vyote ni uzoefu ukivieleza kwa kile ulichofanya. Ikifika robo tatu ya ukurasa, tuma. Hakuna aliyeachwa kwa sababu ya nafasi nyeupe chini ya ukurasa.

Swali: Nina miaka 22 kazini. Nikiweka kurasa mbili najiona kama ninayatupa maisha yangu. Halafu si wataniona sina uzoefu?

Jibu: Dada yangu, nakuelewa, na si jambo dogo. Lakini uzoefu wako unaonekana kwenye uzito wa yale uliyoyafanya. Andika juu kabisa mistari mitatu: miaka 22, sekta gani, jambo kubwa uliloliongoza. Hapo msomaji ameshaiona miaka yote. Kurasa zinazofuata zieleze miaka kumi ya karibuni, na ile ya nyuma ibaki orodha fupi. Mengine utayasimulia kwenye usaili, na yanapendeza zaidi yakisikika kwa sauti yako.

Swali: Nimefanya mikataba mifupi kumi na moja, miezi mitatu mitatu. Nikiitenganisha inafika kurasa nne.

Jibu: Ikusanye chini ya kichwa kimoja, kwa mfano "Fundi umeme wa mikataba, 2019 hadi 2024". Chini yake taja miradi minne au mitano inayofanana na kazi unayoiomba. Unapunguza kurasa, na pia msomaji anaona kazi moja endelevu badala ya kuhamahama.

Swali: Samahani, mbona mimi nilipata kazi kwa CV ya kurasa saba? Naona mnawatisha watu bure.

Jibu: Hongera, na nafurahi umelisema. Inawezekana jambo walilolitafuta lilikuwa ukurasa wako wa kwanza, na basi zile sita hazikukudhuru. Inawezekana pia walioomba walikuwa wachache na kila CV ikasomwa yote. Mwombaji hajui mapema atakuwa kwenye kundi la watu kumi au la mia nne, ndiyo maana nashauri aandike kwa ajili ya lile kubwa.

Swali: Mimi ni mhadhiri, CV yangu ina kurasa 14. Naomba kazi ya uratibu wa miradi kwenye shirika. Nikate maandiko?

Jibu: Andaa hati ya pili, ile ya chuo ibaki ilivyo. Kwenye hii mpya orodha ya maandiko iwe mstari mmoja unaotaja idadi na eneo la utafiti. Nafasi iliyobaki ieleze bajeti ulizosimamia, timu ulizoongoza na ripoti ulizowasilisha kwa wafadhili. Wahadhiri wengi wana uzoefu huo, ila wameuficha chini ya machapisho.

Swali: Barua ya maombi na vyeti vinahesabiwa kwenye kurasa?

Jibu: Hapana, isipokuwa tangazo limesema maombi yote yasizidi kurasa kadhaa.

Swali: Nimefuata hatua zako, nimetoka kurasa sita nikafika mbili na robo. Kwenye ile robo kuna wadhamini watatu, ambao tangazo limewataka, lugha ninazozungumza, na semina tatu za 2009, 2011 na 2023. Nimekwama.

Jibu: Umefanya kazi kubwa, ndugu. Wadhamini wabaki, ila kila mmoja kwa mstari mmoja: jina, cheo, simu, barua pepe. Lugha zipande juu kwenye sehemu ya ujuzi, zinakaa mstari mmoja. Ya 2023 kama inahusiana na kazi, iunganishe na elimu. Zile za 2009 na 2011 zirudishe kwenye faili lako kubwa, kisha tazama kama wadhamini wameingia ukurasa wa pili.