Somo: Raia wa ughaibuni, kura yako inahesabiwa jimbo gani?

Uchaguzi ukikaribia, wengi walio nje huuliza ubalozi utafungua kituo wapi. Hilo ni swali la nauli. Lenye uzito ni hili: kura ikishatumbukia sandukuni, inamwendea mgombea wa wapi? Kituo si jimbo. Raia wa Poland anayepigia kura Chicago huhesabiwa katika jimbo la Warsaw anapochagua mbunge, hata kama kwao ni Kraków na Warsaw huipita tu.

Hatua ya 1. Jua mfumo wa nchi yako. Uingereza, Marekani na Hispania hukurudisha ulikotoka. Ufaransa, Italia, Ureno na Msumbiji zina majimbo ya walio nje. Poland, kama tulivyoona, huwabandika wote kwenye jiji moja. Latvia nayo huwapeleka Riga. Uholanzi viti hugawanywa kwa kura za nchi nzima, kwa hiyo jimbo halikuumizi kichwa.

Hatua ya 2. Kama ni mfumo wa kurudi ulikotoka, tafuta anwani yako ya mwisho. Hapa ndipo watu hukwama. Uingereza hutazama mahali ulipoandikishwa mara ya mwisho. Kama hukuwahi kuandikishwa, basi ulipoishi mwisho. Zamani haki hiyo ilikoma baada ya miaka 15 nje, lakini kikomo hicho kiliondolewa Januari 2024. Aliyeondoka miaka 30 iliyopita sasa lazima aikumbuke nyumba ile, na ofisi ya uandikishaji ya eneo lile iweze kuthibitisha kwamba aliishi hapo. Tafuta barua za benki, za kodi, za shule, chochote chenye jina lako na mtaa.

Hatua ya 3. Kama kuna majimbo ya nje, kinachoamua ni unakoishi sasa. Ufaransa ina 11, kila moja mbunge mmoja. Mfaransa wa Nairobi yuko jimbo la 10, pamoja na wenzake wa Beirut na Dubai. Mbunge wao atawatembelea lini wote hao, mniambie nyinyi. Italia imeigawa dunia mafungu manne, na tangu 2022 yote yanagawana wabunge 8 na maseneta 4. Kabla ya hapo walikuwa 12 na 6.

Hatua ya 4. Kagua daftari mapema. Ukihama bila kuutaarifu ubalozi, jina lako hubaki ulikotoka.

Maswali

Swali: Mwalimu, nyumba niliyopanga Marekani ilishavunjwa. Anwani yangu imekufa?
Jibu: Haijafa, ndugu. Inatumika kukupangia jimbo tu, hakuna barua itakayopelekwa pale. Karatasi ya kura inakufuata uliko.

Swali: Mwanangu ni raia wa Marekani lakini amezaliwa nje, hajawahi kuishi kule. Yeye ni wa jimbo gani?
Jibu: Inategemea jimbo la mzazi, dada. Mengi humruhusu kutumia anwani ya mwisho ya mzazi wake, mengine hukataa. Anza na sheria za jimbo lako wewe.

Swali: Sisi Wakenya je? Mwaka 2022 nilipiga kura nje, mbona sikupewa karatasi ya mbunge?
Jibu: Kwa sababu walio nje walipiga kura ya rais peke yake. Kwa rais nchi nzima ni uwanja mmoja, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kukupangia jimbo. Wakitaka siku moja kuwapa kura ya ubunge, itabidi wachague mojawapo ya njia za hatua ya 1, na kila njia ina wakubwa watakaoipinga.

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi Mfaransa, nahama Nairobi kwenda Montréal. Nabaki jimbo la 10?
Jibu: Marahaba. Ukishahamisha jina lako kwenye daftari, utaingia jimbo la 1, la Marekani na Kanada. Usiporekebisha, utaendelea kuhesabika Nairobi.