Maagizo ya Kusubiri Angani: Shika Kalamu Kwanza

Mzunguko wa kusubiri, yaani njia ambayo ndege huizunguka angani ikingoja zamu, huwatoa jasho wanafunzi wengi wa kuruka kwa vyombo (kuongoza ndege kwa kutazama vipimo, si nje), na kwa kawaida shida haiko mikononi, iko masikioni. Tuchukue agizo hili la mwongoza ndege: usubiri magharibi mwa VOR (kituo cha redio cha kuongozea ndege), radiali 270 (mstari wa nyuzi 270 kutoka kituoni), tarajia ruhusa nyingine saa 12:40.

Andika yote, uyarudie redioni, kisha chora. Weka nukta, ndiyo VOR yenyewe, vuta mstari kwenda magharibi. "Magharibi" ni upande utakaokaa, si utakakoelekeza pua. Radiali huhesabiwa kutoka kituoni kwenda nje. Kwa hiyo mguu wa kuingia, yaani kipande kinachokurudisha kituoni, ni 090. Anayeruka hatua hii hujikuta anasubiri upande wa pili, na tuombe awe peke yake huko.

Mwongoza ndege hakuitaja kona? Basi ni kulia, maana ya kushoto lazima itamkwe. Ukiwa na 090 ukakata kulia unaangukia kusini, na huko ndiko mzunguko wote ulipo.

Sasa namna ya kuingia. Tafuta 270, uelekeo wa mguu wa kutoka (unaokupeleka mbali na kituo), kwenye dira yako unapokaribia nukta. Ikiwa ndani ya nyuzi 70 kulia kwa pua, ingia kwa mchepuko (msicheke): pita nukta, shika 240 kwa dakika 1, kisha kata kulia uufuate mstari. Ikiwa ndani ya nyuzi 110 kushoto, ingia sambamba: nenda nje kando ya mstari, kisha geuka urudi. Kwingine kote, ingia moja kwa moja kwenye mzunguko.

Mguu wa kuingia ni dakika 1 hadi futi 14,000. Juu ya hapo, moja na nusu.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nikitokea kusini, pua 360?*
270 iko nyuzi 90 kushoto kwako. Sambamba.

*Upepo wa kaskazini unanisukuma nje.*
Ukirekebisha nyuzi 5 ukiingia, yaani 085, rekebisha mara tatu ukitoka: 285. Kwenye kona hurekebishi kitu, kwa hiyo mguu wa kutoka ndio unaolipa deni la zote mbili.

*Saa ya ruhusa ina kazi gani hasa?*
Redio ikifa, wewe na mwongoza ndege mnajua lini utaondoka kwenye nukta. Usikubali kusubiri bila kupewa saa, iombe. Halafu ilinganishe na mafuta yako papo hapo.

*Nikiona mafuta hayatoshi, niombe kipaumbele?*
Hapana, dada. Tangaza dharura. Tarehe 25 Januari 1990 ndege ya Avianca 52, ikielekea New York, ilisubirishwa mara tatu, jumla dakika 77. Rubani msaidizi aliomba kipaumbele. Baadaye nahodha alimwambia atangaze dharura. Redioni akasema tu kwamba mafuta yanawaishia. Ndege ilianguka Long Island, wakafa watu 73 kati ya 158.