Somo: Bodi yako ya ESP32 inajizima na kujiwasha? Fuatilia umeme kwanza

Habari zenu mafundi. Bodi zangu tano za ESP32, ile chipu yenye Wi-Fi ndani, zilifika kutoka Shenzhen, nikalehemu ya kwanza usiku uleule. Taa ikawaka, multimita ikasoma 3.30 V, nikajiona bingwa. Programu ya kupima maji ya tanki ilikwenda vizuri hadi ilipotakiwa kuingia Wi-Fi. Hapo pap, ikazima, ikawaka, ikazima tena. Siku nne nzima niliandika upya programu isiyokuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kwenye mchoro wangu mwenyewe, na multimita ilinidanganya kwa sababu niliipima bodi ikiwa imelala.

Kwa hiyo somo hili ni kwa wanaobuni bodi zao. Vifaa ni multimita, rezista moja na uvumilivu.

Hatua ya 1: Usichomeke bado

Tazama bodi chini ya mwanga mkali. Tafuta risasi ya kulehemu iliyounganisha miguu miwili ya chipu, na kapasita zilizogeuzwa. Kwenye tantalamu ule mstari ni chanya. Kwenye zile za kopo la alumini mstari ni hasi. Hata wazoefu huchanganya hapa, na tantalamu iliyogeuzwa inaweza kuwaka moto kabla hujavuta plagi.

Kisha pima omu kati ya njia ya 3.3 V na graundi (upande hasi wa umeme). Namba ikianza chini halafu ikapanda, usishtuke, kapasita zinajichaji. Ikiganda kwenye omu moja au mbili, hiyo ni shoti.

Wanaotumia AMS1117, ile regyuleta inayoshusha 5 V hadi 3.3, wasome hapa mara mbili. Maandishi yakiwa juu na miguu mitatu ikikuelekea, kutoka kushoto ni graundi, kutoka, kuingia. Lile bawa kubwa la nyuma SI graundi, ni 3.3 inayotoka. Ukililaza kwenye shaba ya graundi ili lipoe, umeshatengeneza shoti kiwandani, na bodi zote tano zitakuwa hivyohivyo.

Hatua ya 2: Washa kwa kuchungulia

Unganisha mguu wa EN (unaoiruhusu chipu kuamka) na graundi kwa kawaya ili ESP32 isiamke. Halafu pitisha ile 5 V inayoingia kwenye bodi kwenye rezista ya omu 47, ya wati 1. Hata kukiwa na shoti kamili, mkondo hauwezi kuzidi miliampea 106 hivi, kwa hiyo huunguzi kitu. Pima volti baada ya rezista. Ikishuka karibu na sifuri, zima urudi hatua ya kwanza. Ikishuka kidogo tu, ondoa rezista uendelee.

Hatua ya 3: Tembea na umeme

Ncha nyeusi ibaki kwenye graundi ya soketi. Nyekundu iende soketi, baada ya daiodi, mguu wa kuingia wa regyuleta, mguu wa kutoka, na mwisho kabisa mguu wenyewe wa chipu. Usiishie kwenye regyuleta. Pale volti inapopotelea ndipo penye ugonjwa.

Hatua ya 4: Rudia yote bodi ikiwa kazini

Hapa ndipo siku zangu nne zilipozama. ESP32 inataka 3.0 hadi 3.6 V, na Espressif wenyewe, watengenezaji wake, wanashauri chanzo cha angalau miliampea 500, kwa sababu Wi-Fi ikirusha hewani chipu inavuta mkondo kwa ghafla. Fanya hesabu kama niliyopaswa kuifanya mwanzo. Unaanza na 5 V. Waya mwembamba wa chaja wenye jumla ya omu moja unakula 0.5 kwenye nusu ampea. Daiodi ya Schottky inakula kama 0.4. Imebaki 4.1, na AMS1117 inadai kama 1.1 juu ya kile inachotoa. Chipu inapata 3.0, yaani iko ukingoni kabla hata hatujataja kapasita. Na kapasita yangu kubwa nilikuwa nimeiweka upande wa pili wa bodi, sentimita sita kutoka kwenye chipu. Volti ikazama kwa kufumba na kufumbua, multimita haikuona kitu, na kompyuta ikaandika "Brownout detector was triggered", yaani chipu imegundua volti imeshuka mno. Nilikuwa nayasoma maneno hayo kila siku nikayapuuza!

Basi andika programu ndogo inayotuma data kwenye Wi-Fi bila kupumzika, upime tena vituo vyote. Pima pia graundi ya soketi dhidi ya graundi ya chipu. Ukikuta 0.2 V, njia yako ya graundi ni nyembamba, na hilo wengi hawalipimi kabisa.

Dawa yangu: nilibadilisha waya, nikairuka daiodi kwa kawaya kutoka mguu mmoja hadi mwingine, nikalehemu kapasita ya mikrofaradi 100 jirani na chipu. Ikatulia. Ukiiruka daiodi usichomeke USB na betri kwa wakati mmoja, maana daiodi ile ilikuwa na kazi yake. Toleo la pili nimeweka regyuleta ya AP2112K, ambayo kwenye miliampea 600 inadai 0.25 V tu juu ya inachotoa.

Hatua ya 5: EN

Volti zote safi lakini chipu kimya? EN inahitaji rezista ya kilo-omu 10 kwenda 3.3 na kapasita ya mikrofaradi 1 kwenda graundi, ili chipu isubiri umeme utulie. Na kawaya ka hatua ya 2, umekatoa?

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nina shoti ya omu 0.8 na sioni kosa kwa macho. Nitoe kapasita moja moja?*
Subiri kwanza. Kama una chanzo chenye kudhibiti mkondo, weka 1 V na nusu ampea, mimina spiriti ya kusafishia bodi, utazame inapokauka haraka. Hapo ndipo panapopata joto. Mara nyingi ni kapasita ndogo ya kauri iliyopasuka.

*Bodi yangu ina USB-C. Kwa waya wa kawaida inawaka, kwa chaja mpya yenye C pande zote haiwaki kabisa. Chaja mbovu?*
Chaja nzima, ndugu. Umesahau rezista mbili za kilo-omu 5.1, moja kutoka mguu wa CC1 wa soketi na nyingine kutoka CC2 kwenda graundi. Bila hizo chaja haijui kama kuna mtu mlangoni. Usiziunganishe CC mbili kwenye rezista moja.

*Natumia betri ya sola ya 12 V moja kwa moja kwenye AMS1117. Inafanya kazi ila haishikiki kwa joto.*
Dada, 12 toa 3.3 mara robo ampea ni wati 2.2 zinazogeuka joto tupu kwenye kidude hicho. Tena betri ikichajiwa inapanda hadi 14 na ushee, na kikomo cha AMS1117 ni 15. Weka moduli ya LM2596 ishushe hadi 5 kwanza. Zungusha kile kiskurubu upate 5 V KABLA ya kuiunganisha na bodi.

*Nimeona mstari mmoja wa kuzima kile kitambuzi cha brownout kwenye programu. Si rahisi zaidi?*
Rahisi, ndiyo. Volti itaendelea kuzama vilevile, ila sasa chipu itaendelea kufanya kazi ikiwa na njaa, na siku moja itaandika upuuzi kwenye flashi, kumbukumbu inakokaa programu. Tuwekee hapa kipimo chako cha hatua ya 4 tuone.

*Nimepima: soketi 4.9, baada ya daiodi 4.5, chipu 2.7.*
Kwa 4.5 regyuleta ilitakiwa kutoa 3.3. Pima mguu wake wa kutoka. Ukikuta 3.3 pale, basi kati yake na chipu kuna lehemu iliyoshika nusunusu au njia nyembamba.