Kabla Hujachomeka Chaja Isiyo ya Laptopu Yako

Chaja kuingia kwenye tundu hakuna maana kwamba inafaa. Kichwa cha duara cha milimita 5.5 kiko kwenye chaja za laptopu nyingi za volti 19, na kiko pia kwenye adapta za ruta na kamera za ulinzi za volti 12, na kwenye vifaa vingine vya volti 24. Kwa hiyo kabla ya kuazima chaja ya jirani au kununua ya mezani Kariakoo, ligeuze boksi lake, lile la katikati ya waya, usome kibandiko.

Penye INPUT ni umeme wa ukutani. Ikiandikwa 100-240V, hata chaja iliyotoka Marekani itafanya kazi huku kwetu, mradi upate waya wenye plagi ya pini tatu. Penye OUTPUT, yaani umeme unaotoka kwenda kwenye laptopu, ndipo pa kukazia macho.

Volti lazima zilingane na zilizoandikwa chini ya laptopu yako. Tofauti ya 19 na 19.5 ni ndogo na kwa kawaida haina shida. Ya 12 haitachaji, na ya 24 inaweza kuunguza bodi ya ndani ya laptopu, na mafundi wengi hawawezi kuirudisha kama ilivyokuwa.

Ampea, yaani wingi wa umeme ambao chaja inaweza kutoa, ndizo watu huziogopa bure. Zikizidi hakuna ubaya, maana laptopu huvuta kiasi inachohitaji tu. Inayotaka 19.5V na 3.34A, yaani wati 65 (volti mara ampea), itakaa salama kwenye chaja ya 19.5V na 4.62A, ambayo ni ya wati 90. Zikipungua ndipo pana tatizo: chaja inatumikishwa kupita uwezo wake, inachemka, na betri inajaa kwa shida au haijai kabisa. Karibu na namba hizo pana mchoro mdogo wa duara wenye alama za + na −. Nao ufanane na wa laptopu.

Wenye Dell na HP waangalie zaidi. Kichwa cha milimita 7.4 kina pini nyembamba katikati, na kampuni zote mbili zimekitumia, ila kila moja ina namna yake ya kuitambua chaja kupitia pini hiyo. Ukichomeka chaja ya HP kwenye Dell, kichwa kinaweza kuingia vizuri kabisa, kisha mashine ikawaka huku ikionya kwamba haiitambui chaja, betri isichaji na kasi ikashuka. Pini ikipinda au kukatika, dalili ni hizohizo hata kwa chaja halali, na wengi hununua betri mpya bila sababu. Anza kwa kuitazama pini.

USB-C ina nafuu: chaja na laptopu hukubaliana kwanza kabla volti hazijapanda kutoka 5 hadi 20. Bado hakikisha wati zinatosha, kwani chaja ndogo ya simu itakataliwa au itachaji kwa mwendo wa kobe. Waya nao una kikomo. Wa kawaida hubeba ampea 3, yaani wati 60. Zaidi ya hapo tafuta wa ampea 5. Na si kila tundu la USB-C kwenye laptopu hupokea chaji, hivyo soma kitabu cha mashine yako.

Waya wa ukutani ukiwa na pini tatu, usiutoe ukaweka wa pini mbili. Ile ya tatu ni ya ethi, na ikikosekana unaweza kuhisi mwili wa chuma wa laptopu ukikuwasha vidoleni.

Ukishachomeka, usiondoke mara moja. Liweke boksi sakafuni au mezani, kamwe si juu ya godoro. Joto la wastani ni kawaida, lakini boksi likishindikana kushikika, likatoa harufu ya plastiki au kichwa kikicheza tunduni, chomoa. Na chaja ambayo kibandiko chake kimefutika isiguse laptopu mpaka fundi mwenye mita aipime volti.